FEDHA MKONONI MWA MASKINI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi letu, Nairobi. Yanapigwa chapa hapa ili ndugu waliokuwa zamu siku hiyo wapate kuyasoma.)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya shauri lililo mbele ya mkutano huu, nalo ni mfuko wetu wa kufaana. Kila mwezi twatoa kidogo katika mishahara yetu, na mfuko huu husaidia wajane wa wenzetu waliofariki, na wenzetu walioachishwa kazi. Desturi imekuwa kununua magunia ya unga, mafuta ya kupikia na blanketi, kukodi gari, na kuvipeleka nyumba kwa nyumba huko Kawangware, Kangemi, Riruta, Uthiru na Kibera. Sasa limeletwa shauri kwamba tuache kupeleka unga, tupeleke fedha taslimu kwa njia ya simu.

Ndugu wengine wamelikataa shauri hili kwa maneno makali. Wamesema: "Mpe maskini unga atakula. Mpe fedha atakunywa." Sisi wa karakana hatukutaka kujibu kwa makelele. Tumekaa jioni kadhaa, tukaulizana, tukasoma habari zilizoandikwa juu ya jambo hili hapa Kenya, na leo twataka kuwaeleza yale tuliyoyaona. Halafu mkutano utaamua kwa kura.

UMASKINI WA MJINI NI UMASKINI GANI?

Kwanza tukumbuke tunasema juu ya watu gani. Kawangware na Lavington ni jirani. Kangemi iko ng'ambo tu ya mashamba na nyumba za wakubwa. Asubuhi mama hutoka chumba chake cha mabati akaenda kusimama penye geti la watu, akingoja aitwe kufua nguo. Akiitwa, siku hiyo watoto watakula. Asipoitwa, hurudi mikono mitupu. Mume wake huenda mjini kwa miguu ili aokoe nauli, akabebe mizigo Marikiti au atafute kibarua Industrial Area.

Mtu wa namna hii hana mwisho wa mwezi. Ana mwisho wa siku. Kwa hivyo hununua kila kitu kidogo kidogo: unga wa kupima, mafuta ya shilingi ishirini, maji ya mtungi mmoja, makaa ya mkebe. Na kila mwenye kununua kidogo kidogo hulipa zaidi kuliko sisi tunaonunua pakiti nzima. Huo ndio ujanja wa umaskini, kwamba aliye na kidogo ndiye anayeuziwa ghali. Akiugua siku tatu, ameingia katika daftari la deni la mwenye duka. Akiugua wiki mbili, mwenye nyumba amekwisha kufunga mlango kwa kufuli yake.

Basi mtu huyu ukimletea gunia la unga, umemsaidia, hatukatai. Lakini mwenye nyumba hapokei unga. Shule haipokei unga. Hospitali haipokei unga. Mjane mmoja wa Kangemi, ambaye hatutamtaja jina, aliletewa unga siku aliyokuwa anadaiwa kodi. Alifanya nini? Aliuza nusu ya unga kwa mwenye kibanda, kwa bei ya chini ya ile tuliyonunulia sisi, akalipa kodi. Je, alikosa? Hakukosa hata kidogo. Yeye alijua haja yake kuliko sisi. Lakini tazameni hesabu: sisi tulilipa bei kamili, tukalipa gari, tukalipa wapakiaji, na mwishowe faida kubwa akaipata mwenye kibanda.

FEDHA ZIMEPITA WAPI HAPA KENYA?

Ndugu wengine hudhani shauri hili ni jipya. Si jipya. Mwaka 2004 serikali, pamoja na UNICEF, ilianza kujaribu kuwapa fedha watu wanaolea mayatima. Ilianza na familia 500 tu katika Kwale, Garissa na hapa Nairobi. Jambo hilo likakua. Baadaye wazee na walemavu wakaingizwa katika mipango ya namna hiyo, na leo mipango hiyo huitwa Inua Jamii. Mwaka 2018 ilifunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Watu zaidi ya milioni moja wameandikwa. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi.

Wapimaji walilinganisha familia za mayatima zilizopata fedha na zile ambazo hazijapata. Waliona kwamba watoto wakubwa wa familia zilizopata waliingia shule za sekondari kwa wingi zaidi. Waliona pia wasichana wa nyumba hizo walichelewa kuanza mambo ya wanaume, na waliopata mimba wakiwa wadogo walikuwa wachache zaidi. Hakuna mtu aliyewahubiria. Msichana mwenye viatu na chakula nyumbani hana haja ya kutafuta mtu wa kumnunulia.

Tena, hapa mjini kwetu, mwaka 2009 na 2010, baada ya bei ya chakula kupanda na baada ya taabu za mwaka 2008, vyama vya Oxfam na Concern viliwapa familia za Mukuru na Korogocho shilingi 1,500 kwa mwezi kwa njia ya M-Pesa. M-Pesa yenyewe ilikuwa imeanza mwaka 2007 tu. Watu wa mjini waliona kwa macho yao kwamba msaada waweza kufika bila lori, bila foleni ya juani, na bila mtu kutangaziwa umaskini wake mbele ya majirani.

Na sisi wafanyakazi, je? Tuko mbali na jambo hili? Hata kidogo. Kila mshahara ukitoka, nani asiyetuma kitu nyumbani kwa mama yake? Sisi wenyewe ni watoaji wa fedha kwa maskini, tangu zamani za kutuma kwa mkono wa dereva wa basi. Na wataalamu wawili, Tavneet Suri na William Jack, waliandika mwaka 2016 kwamba kuenea kwa M-Pesa kuliziinua familia 194,000 za Kenya kutoka katika umaskini, yaani mbili katika kila mia. Haikuwa sadaka ya mgeni. Kwa sehemu kubwa ilikuwa fedha ya ndugu kwa ndugu, iliyofika kwa haraka siku ya shida. Twauliza: mama yako akiugua, wewe humtumia gunia la unga au humtumia fedha? Kama humwamini mjane wa mwenzako kama unavyomwamini mama yako, sema sababu yake.

MANENO YA WANAOPINGA

Sasa tuyajibu maneno ya wanaopinga, moja moja, maana si maneno ya kipumbavu.

Neno la kwanza: watalewa. Katika Siaya, kuanzia mwaka 2011, chama kinachoitwa GiveDirectly kiliwapa fedha watu wa vijiji vya Rarieda, bila masharti. Wataalamu wakalinganisha nyumba zilizopata na zilizokosa. Habari zao zilitolewa mwaka 2016. Waliopata walikula vizuri zaidi, walinunua mifugo, walibadili nyasi wakaezeka mabati, na mioyo yao ilitulia. Fedha zilizotumika kwa pombe na sigara hazikuongezeka. Wapo walevi, ndiyo. Lakini walevi wapo hata miongoni mwetu tunaolipwa kila mwezi, na hatujasikia tajiri akisema mishahara yetu ilipwe kwa unga. Au mwataka aseme?

Neno la pili: watakuwa wavivu. Hili pia limepimwa. Katika Siaya na Bomet kuna watu waliowekwa katika mafungu. Wengine hupewa kiasi cha shilingi 2,250 kwa mwezi na wameahidiwa miaka 12. Wengine walipewa kiasi hicho kwa miaka miwili. Wengine walipewa fedha zote za miaka miwili kwa mara moja. Na wengine hawakupewa kitu, ili walinganishwe. Mwaka 2023 wapimaji walisema kwamba kazi haikupungua. Lililotokea ni kwamba wengi waliacha vibarua vya watu wakaanza kazi zao wenyewe, biashara ndogo ndogo.

Ndugu, neno hili tulitafakari sana sisi wa chama. Mtu asiye na kitu hukubali mshahara wowote. Akiambiwa mia mbili kwa siku, hukubali, maana watoto wanalia. Na akikubali yeye, anatushusha sisi sote. Lakini mwenye chakula cha siku tatu ndani ya nyumba aweza kusema: "Hapana, kazi hii haina malipo ya haki." Basi fedha mkononi mwa maskini si jambo la huruma tu. Ni jambo la chama pia.

Neno la tatu: bei zitapanda. Katika Siaya, katika vijiji 653, kati ya mwaka 2014 na 2017, nyumba zaidi ya 10,500 zilipewa kiasi cha dola 1,000 za Marekani kila moja. Bei zilipanda kidogo mno, hazikufika hata moja katika mia. Maana mwenye duka alipoona wateja, aliagiza bidhaa zaidi. Tena fedha ile ilizunguka: mwenye kupewa alimlipa fundi, fundi akanunua nyama, mchinjaji akalipa karo. Wapimaji walihesabu kwamba kila dola moja ilizaa karibu dola mbili na nusu katika mikono ya watu wa huko, na hata waliokosa walifaidika. Lakini twawaonya jambo moja. Siaya mtu hukaa katika nyumba yake mwenyewe. Kawangware hupanga. Duka laweza kuagiza sukari zaidi, bali mwenye nyumba haagizi ardhi. Kwa hivyo fedha peke yake, bila nyumba za bei ya haki, zaweza kuishia mfukoni mwa mwenye nyumba. Tusilisahau hilo tunapodai mambo mengine.

Neno la nne: afadhali bei ya unga ishushwe kwa wote. Mwezi wa Julai 2022 serikali ilishusha pakiti ya kilo mbili kutoka shilingi 205 mpaka 100 kwa wiki chache. Mwakumbuka wenyewe. Maduka mengi unga ule haukuonekana. Na ulipoonekana, tajiri wa Lavington alinunua kwa mia moja sawasawa na mfuaji wake. Hiyo ni njia ya kumwagilia shamba zima ili kupata maji ya mche mmoja.

Neno la tano, nalo ndilo zito: upendeleo na wivu. Hapa twakubaliana na wapinzani wetu. Wakati wa korona, mwaka 2020, serikali ilitoa shilingi 1,000 kwa wiki kwa familia maskini za Nairobi na mahali pengine. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2021 kwamba fedha zile zilifikia sehemu ndogo tu ya wenye haja katika mitaa ya Nairobi, na kwamba wengine waliandikwa kwa kujuana na wakubwa. Watu walikuwa hawajui ni nani anayestahili, wala ni nani wa kumlalamikia. Na hiyo Inua Jamii mara nyingi imechelewa, miezi ikarundikana. Mzee aliyekopa dukani kwa tumaini la malipo hana la kumwambia mwenye duka. Pia kiwango cha 2,000 kimekaa vile vile zaidi ya miaka kumi, na sisi sote twajua ile 2,000 ya zamani ilinunua nini, na hii ya sasa yanunua nini.

Lakini twauliza: makosa haya ni ya fedha, au ni ya wagawaji? Unga wa njaa haukuibwa? Blanketi hazikugawiwa kwa kujuana? Mwizi akiingia ghalani hatuchomi ghala. Twatengeneza mlango.

JAMBO LA WATOTO WACHANGA

Kuna habari moja ambayo tuliiweka ya mwisho kwa makusudi. Mwaka 2025 wapimaji walirudia zile nyumba za Siaya wakahesabu watoto waliozaliwa na waliokufa. Waliona kwamba katika nyumba zilizopata fedha, vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja vilikuwa vimepungua karibu nusu. Karibu nusu, ndugu. Wala haikutolewa dawa mpya. Akina mama walipata fedha ya kwenda kujifungulia hospitali. Na jambo la pili: waliweza kupumzika. Miezi ya mwisho ya mimba na miezi ya kwanza ya uzazi walipunguza kazi ngumu sana. Tena faida ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo hospitali yenye daktari ilikuwa karibu.

Hebu tuilete habari hii Kangemi. Mama mwenye mimba ya miezi minane anainama juu ya karai, anafua mablanketi ya watu, kwa sababu asipofua leo hatakula leo. Sisi wenye kazi ya kuandikwa tumepigania likizo ya uzazi, na sheria yetu ya kazi ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu yenye malipo. Mfuaji wa Kangemi likizo yake ataipata kwa nani? Gunia la unga halimpumzishi. Kodi bado yamngoja. Fedha ya miezi mitatu yampumzisha. Huo ndio uzito wa shauri hili. Tukipiga kura, tujue kwamba hatupigi kura juu ya unga na fedha tu, bali pengine juu ya mtoto kuishi au kutoishi.

FEDHA SI MSHAHARA

Hata hivyo tusidanganyike. Wapo watakaosema kwamba maskini wakipewa visenti kila mwezi, hakuna haja ya mishahara mizuri wala hospitali wala maji. Hatukubali. Fedha haichimbi mfereji wa maji machafu Kawangware. Fedha haileti daktari hospitalini. Kama tulivyoona Siaya, fedha ilimwokoa mtoto zaidi pale penye daktari. Vyote viwili vyatakiwa.

Wala tusiseme hii ni sadaka ya mwenye moyo mzuri. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba Serikali itawapa hifadhi wale wasioweza kujisaidia pamoja na wanaowategemea. Ni haki. Ndugu wengine wananung'unika kwamba twakatwa kodi, twakatwa ya nyumba, twakatwa ya afya, halafu fedha zaenda kwa wasiofanya kazi. Sisi pia twaumia tukiitazama karatasi ya mshahara. Lakini kila mmoja wetu aliye hapa yuko karibu na Kawangware kuliko anavyodhani. Barua moja ya kuachishwa kazi yatosha. Wazee wetu wa reli walioachishwa kwa maelfu miaka iliyopita walikuwa na kofia na mluzi kama sisi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, lakini mfanyakazi wa reli hana ruhusa ya kusahau.

TWATAKA NINI?

Kwa hayo yote, sisi wa karakana twaomba mkutano huu ukubali mambo matano:

1. Mfuko wetu utoe fedha kwa njia ya simu, usinunue tena unga na blanketi, ila kwa ajili ya moto au mafuriko, ambapo maduka yenyewe yameharibika.

2. Mjane au aliyeachishwa kazi aulizwe mwenyewe: ataka fedha zote mara moja, au kidogo kila mwezi? Huko Siaya na Bomet waliopewa kwa mara moja waliweza kuanzisha biashara vizuri kuliko waliopewa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Na wale wa miaka 12 waliunda vyama vya kuzungushiana fedha ili wapate kiasi kikubwa kwa zamu. Mtu ajua shida yake: mwenye deni la kodi ataka nyingi leo, na mwenye watoto wa shule huenda akataka kila mwezi.

3. Siku ya malipo iwe moja, wala isipite. Kidogo kinachofika tarehe tano ni bora kuliko kingi kisichojulikana kitafika lini.

4. Sheria ya nani anayestahili ibandikwe ubaoni, pamoja na jumla ya fedha zilizoingia na kutoka. Majina ya wanaosaidiwa yasibandikwe, maana hatutaki kumvua mtu nguo mbele ya jirani. Bali yakaguliwe na watu watatu, mmoja kutoka kila idara, na wasiwe watu wa halmashauri. Anayelalamika awe na mtu wa kumwendea.

5. Chama chetu kipeleke neno katika shirikisho kwamba kiwango cha Inua Jamii kiongezwe kadiri bei zinavyopanda, na malipo yafike kwa wakati. Tukidai mishahara iende na bei, tutawezaje kunyamaza wakati mzee wa miaka 75 amekwama na 2,000 yake?

Jambo la mwisho. Wengine walisema fedha apewe mama peke yake, maana baba hafai. Huko Siaya walijaribu kumpa mama katika nyumba nyingine na baba katika nyingine. Tofauti ilikuwa ndogo katika mambo mengi, na katika nyumba zilizopata, ugomvi wa kupigana ulipungua. Twaona sababu yake ni wazi kwa kila mwenye nyumba: vita vingi vya usiku chanzo chake ni sufuria tupu. Basi apewe yule ambaye jamaa ya marehemu na yule mwenzetu mwenyewe wamekubaliana.

Bwana Mwenyekiti, hatuna maneno mengi zaidi. Tumewaletea hesabu, si hasira. Asiyekubali asimame aonyeshe hesabu yake, nasi tutasikiliza. Lakini asije akasimama akasema tu kwamba maskini hawajui kutumia fedha. Anayelisha watoto wanne kwa shilingi mia tatu kwa siku mjini Nairobi anajua kutumia fedha kuliko sisi sote tulio katika chumba hiki.